Mpangaji kahama, gari kaliacha juu ya karo

Mwenye nyumba yeyote wa Tanga anajua kudai kodi. Lakini mpangaji akiondoka usiku na kukuachia gari uani, ujuzi wote wa kudai kodi haukusaidii, na unaweza hata kukuponza. Mie yalinikuta Makorora, kwenye nyumba ya vyumba sita aliyoniachia marehemu mume wangu. Mpangaji wa chumba cha nne alikuwa dereva teksi, kijana wa heshima zake, "shikamoo mama" asubuhi na jioni, na hiyo shikamoo ndiyo iliyonifanya nimvumilie miezi minne bila kodi. Asubuhi moja ya Machi, masika yameanza, tukaamka mlango wa chumba uko wazi, kitanda hakipo, godoro hakuna, hata balbu kaifungua kaenda nayo. Gari lipo. Carina Ti jeupe, limeegeshwa pale pale linapolala siku zote, juu ya mfuniko wa karo la maji taka.

Wanasema Tanga ni mji wa waja leo waondoka leo. Yeye aliondoka leo, gari likabaki miezi mitano.

Lingekuwa pembeni chini ya mwembe ningelivumilia. Lakini karo la nyumba ya wapangaji halisubiri mtu, na masika, ardhi ikijaa maji, hujaa upesi zaidi. Kwa hiyo ilinibidi nijifunze haraka: gari la mtu ukilikuta kwako unalifanyaje, unaanzia ofisi gani, unaandika nini, na nini usikiguse. Hayo ndiyo nayaeleza hapa, pamoja na makosa yangu mawili.

Deni ni deni, gari ni gari

Mtu wa kwanza kuja kunishauri alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Sijui nani alimpa habari. Alizunguka gari mara mbili, akagonga bampa kwa ukucha, akasema, "Mama, laki nne na nusu, pesa mkononi, jioni naleta brekidauni." Deni langu lilikuwa laki mbili na arobaini, miezi minne kwa elfu sitini. Hesabu ilikubali vizuri mno, na hapo ndipo nilipoogopa. Nimefundisha hesabu darasa la sita miaka mingi. Jibu likija rahisi namna ile, kuna kitu kwenye swali hujakisoma.

Kitu hicho ni hiki. Kodi anayodaiwa mpangaji ni deni baina yako na yeye. Gari ni mali, na mali ina mwenyewe, na mwenyewe huenda si mpangaji. Hapa kwetu watu wananunua magari na kukaa nayo miaka mitatu kadi ya usajili ingali ina jina la mtu wa kwanza. Madereva teksi, bajaji na bodaboda ndio kabisa: wengi wanaendesha chombo cha tajiri, wanampelekea pesa ya hesabu kila jioni, au wako kwenye mkataba wa kulipa kidogo kidogo mpaka chombo kiwe chao. Mpangaji akikuambia "gari langu", maana yake ni kwamba ufunguo uko mfukoni mwake. Basi.

Ukiliuza hilo gari, au ukamruhusu mtu achomoe hata saiti mira, mwenye kadi akitokea atakukuta wewe, si mpangaji. Kuchukua na kuuza mali ya mtu bila ridhaa yake ni wizi kwa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na kusema "nilikuwa namdai" hakukutoi rumande siku hiyo. Na aliyenunua hawezi kulihamisha jina TRA, mamlaka ya mapato, bila kadi na hati za mauziano, kwa hiyo atarudi kwako naye na ugomvi wake. Nilimwambia yule bwana wa vyuma aende zake. Alirudi mara tatu, kila mara bei inapanda, jambo lililozidi kunithibitishia.

Piga picha kabla ya kugusa

Siku ile ile uliyogundua mtu kaondoka, kabla hujafagia hata hilo eneo, zunguka gari na simu. Piga pande nne, paa, kila tairi, namba ya mbele na ya nyuma, kila mkwaruzo na kila kioo. Piga ndani kupitia vioo: viti, dashibodi, redio kama ipo, gia iko wapi, nini kiko kwenye kiti cha nyuma. Mwite balozi wa nyumba kumi au jirani mmoja asiye ndugu yako asimame kwenye picha mbili tatu. Kisha andika kwenye daftari, kwa mkono, tarehe na saa, na ulichokiona, na shahidi atie sahihi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hapa. Nilipiga picha nzuri, lakini sikufungua boneti, kwa kuwa milango ilikuwa imefungwa na sikutaka kuvunja. Hilo lilikuwa sawa. Ambacho hakikuwa sawa ni kwamba wiki mbili baadaye mtoto wa dada yangu, kwa nia njema kabisa, aliingiza mkono chini ya gari, akavuta waya wa boneti, akatoa betri "isife bure", akaenda kuiwashia taa kibandani kwake. Mie nikajua baada ya mwezi. Iligeuka deni, nitaeleza.

Kwa hiyo ukishapiga picha, tangaza uani, mbele ya wapangaji wote: hakuna kufungua, hakuna kukalia, hakuna kuanikia nguo. Na angalia milango kama kweli imefungwa. Gari lililoachwa ni kivutio kwa watoto, na mtoto akijifungia ndani kwenye jua la Tanga saa saba mchana, hatuzungumzii tena kodi. Mimi nililifunika turubai na kulifunga kamba, nikawa naliangalia kila Jumamosi, namwaga maji yaliyotuama juu, kwani maji yakikaa mbu wa dengi wanazaa humo, na Afisa Afya wa kata akija hatauliza gari la nani.

Mtafute mtu kwanza

Usidhani kila aliyeondoka kakimbia. Wakati mwingine mtu yuko rumande, au kalazwa, au kafiwa kaenda kwao na simu imeibwa njiani. Piga simu, halafu tuma na ujumbe mfupi, kwa maana simu haibaki ila ujumbe unabaki na tarehe yake. Andika kwa adabu, usitukane, huo ujumbe unaweza kusomwa mahakamani. Mie niliandika: "Mwanangu, gari lako lipo hapa, salama. Njoo ulichukue au utume mtu. Kodi tutazungumza." Hakujibu, lakini tiki mbili zilikuja. Nikajua yu hai.

Kisha nenda anakofanya kazi. Nilikwenda kijiwe chao cha teksi, nikanunua kahawa, nikakaa. Madereva hawasemi mbele ya mgeni, lakini ukimaliza kikombe cha pili wanasema. Mmoja akanitonya kwamba kijana hakuwa anapeleka hesabu tangu Januari, injini ilikuwa imeanza kula oili, na kwamba "lile gari lina mwenyewe, mama, mzee mmoja wa Muheza". Jina hakulijua. Hapo nikashukuru sikupokea zile laki nne na nusu.

Mpangaji akiwa amefariki, hadithi inabadilika kabisa. Gari linaingia kwenye mirathi, na wa kumkabidhi ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, mwenye barua yake. Asije shemeji na machozi ukampa ufunguo. Kesho atakuja kaka mkubwa na wosia.

Mtaa, kisha polisi

Ofisi ya kwanza ni Serikali ya Mtaa. Nenda na daftari lako, picha, na mkataba wa kupangisha kama unao. Mwenyekiti wangu alikuja mwenyewe kuliona gari, akaandika kwenye kitabu chake, na Mtendaji akanipa barua yenye muhuri kwenda polisi. Usiruke hatua hii ukadhani ni urasimu tu. Barua ya mtaa ndiyo inayokutofautisha wewe na mtu aliyeficha gari la wizi, na ukifika kituoni bila hiyo utarudishwa kuifuata.

Polisi nilikwenda mara mbili. Mara ya kwanza afande wa kaunta alicheka: "Mama, wenzio wanaibiwa magari, wewe unaletewa." Akaniambia nisubiri mwenye gari aje. Nikarudi nyumbani nimenuna. Mara ya pili nilikwenda asubuhi, nimevaa kama naenda kusimamia mtihani, nikaomba kuonana na mkuu wa zamu, nikampa barua ya mtaa nikasema maneno haya, nawe yaseme hivyo hivyo: "Nataka taarifa yangu iingizwe kwenye kitabu, nipewe RB, na namba ya gari iangaliwe kama inatafutwa." Ukisema "nisaidieni", watakusikitikia. Ukiomba RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, lazima kalamu itembee.

Namba ikaangaliwa. Gari lilikuwa linatafutwa. Lilifunguliwa jalada Muheza tangu Aprili, mwenye gari akidai dereva ametoroka nalo. Nilikaa kwenye lile benchi la mbao nikiwaza brekidauni ikitoka getini kwangu na Carina juu yake, na mimi nimesimama nahesabu noti.

Gari lenyewe linasema

Kabla ya kufika polisi unaweza kujua mengi kwa macho. Namba nyeupe ni gari la biashara, ya njano ni la mtu binafsi. Langu lilikuwa na nyeupe, kwa hiyo lilikuwa na leseni ya kusafirisha abiria mahali fulani, na leseni huandikwa jina. Angalia kioo cha mbele: stika ya bima, kama ipo, ina jina la kampuni na tarehe, na bima siku hizi inahakikiwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa namba ya gari. Bima ikiisha, tarehe ya kuisha inakuonyesha lini pesa zilianza kukata. Usitafute stika ya road licence, hiyo ada ya mwaka ilifutwa 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta.

Faini za trafiki nazo zinaonekana kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari. Mwambie kijana mwenye simu nzuri akuangalizie. Faini zinafuata gari, kwa hiyo hizo si zako, lakini ziandike daftarini zisije zikasemwa zimetokea gari likiwa kwako.

Namba ya chasisi ni muhimu kuliko namba ya usajili, maana bati la namba linafunguliwa kwa bisibisi. Kwenye Carina, kama kwenye Corolla, chasisi imegongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini, unaiona ukifungua boneti. Ya langu ilianza na AT212, ambayo ni Carina ya injini ya 5A, sisi-si 1500. Ingeanza na herufi nyingine ningejua bati na gari havifanani. Boneti niliifungua mbele ya polisi na mwenyekiti, na hapo ndipo nilipoona pengo la betri. Nadhani uso wangu ulisema yote.

Kulisogeza

Karo lilikuwa limefika ukingoni. Chooni maji yakawa yanarudi, wapangaji watano wananiangalia kama mie ndiye niliyeliegesha. Kulisogeza gari lililoachwa si kosa kama kuna sababu ya kweli, ila lisogeze kidogo iwezekanavyo, lisitoke kwenye uwanja wako, na lisisogezwe gizani. Nilimwandikia mwenyekiti barua ya mistari minne, polisi nikawapigia, fundi nikamtafuta wa gereji, si wale vijana wa kusukuma.

Fundi alichungulia ndani, akaona gia iko P. Carina linavuta kwa mbele, kwa hiyo gia ikiwa P magurudumu ya mbele hayazunguki hata ulisukume na ng'ombe. Ya nyuma yalikuwa huru, kwa vile yule kijana hakuvuta hendibreki, aliweka jiwe nyuma ya tairi kama madereva wetu wote. Basi akaleta jeki mbili za magurudumu. Lakini jeki ya magurudumu haitembei kwenye tope, na uani ulikuwa tope la masika, kwa hiyo tulilaza mbao nne, zile za kupaulia, mbili mbili kama reli. Akaweka jeki chini ya boriti ya mbele. "Usiweke kwenye sampu, mama, hapo itapasuka oili imwagike kwenye karo lako." Akapandisha pua ya gari kama sentimita kumi, akatoa jiwe la nyuma, vijana wawili wakasukuma kwa mbele, taratibu, yeye akiwa amepiga magoti anaangalia mbao. Kila mita moja wanasimama, wanahamisha mbao ya mbele kwenda nyuma. Mita nne zilichukua dakika arobaini. Chini ya gari tulikuta paka na watoto watatu, na mfuniko wa karo umepata ufa.

Nilipiga picha kabla na baada, mwenyekiti akasaini, fundi akaandika risiti ya elfu arobaini. Risiti hiyo itunze. Gari la maji taka likaja kesho yake.

Barua ya notisi

Hata polisi wakijua, andika notisi. Ipeleke kwa mpangaji kwa anwani ya mwisho unayoijua na kwa mdhamini wake, na kwa mwenye kadi ukishampata jina. Nakala mpe Mtendaji wa Mtaa na polisi. Posta tuma kwa rejista upate stakabadhi, na picha ya barua tuma WhatsApp. Yangu ilikuwa hivi, chukua ubadilishe:

"Nakujulisha kwamba gari aina ya Toyota Carina, rangi nyeupe, namba za usajili (andika), chasisi (andika), limeachwa uani kwangu, mtaa (andika), Kata ya Makorora, tangu tarehe (andika) bila idhini yangu. Gari halijauzwa wala kutumiwa. Lilisogezwa mita nne tarehe (andika) mbele ya Mwenyekiti wa Mtaa ili karo linyonywe. Unaombwa kulichukua ndani ya siku 30 tangu kupokea barua hii, ukiwa na kadi halisi na kitambulisho. Siku hizo zikipita nitaomba polisi na mahakama waamue. Madai ya kodi ya chumba yanashughulikiwa peke yake."

Siku 30 nilichagua mwenyewe. Ni muda ambao hakuna hakimu atakayesema ulimwonea mtu. Usiandike "usipokuja nitaliuza". Hayo mamlaka huna, na ukiyaandika umejitengenezea ushahidi. Ile sentensi ya mwisho nayo usiiondoe hata kama inakuuma.

Mwenyewe alipokuja

Alikuja Jumanne na basi la asubuhi kutoka Muheza, mzee wa miaka sabini hivi, kanzu na koti juu, pamoja na mwanawe na fundi wao. Alifanya kazi shamba la mkonge maisha yake yote, gari alilinunua kwa kiinua mgongo. Alilishika paa kwa kiganja kama mtu anayempima mtoto homa. "Mwalimu," akaniambia, "nilikwishalilia hili."

Usikabidhi gari kwa huruma. Nilimkaribisha chai, kisha nikaomba kadi halisi. Jina kwenye kadi likalinganishwa na kitambulisho cha NIDA, chasisi kwenye kadi ikalinganishwa na iliyogongwa kwenye gari, herufi kwa herufi, mwanawe akisoma na mwenyekiti akiangalia. Polisi walileta barua ya kuachia. Tukaandika hati ya makabidhiano nakala tatu: hali ya gari, kilomita, tairi, vioo, nini kimekosekana. Wote tukasaini, muhuri ukagongwa, nikapiga picha mzee ameshika ufunguo wa akiba mbele ya gari.

Kilichokosekana kilikuwa betri. Ningeweza kunyamaza, picha zangu za siku ya kwanza hazikuonyesha ndani ya boneti, na kijana wa teksi angebeba lawama kama alivyobeba nyingine. Nilimwambia mzee ukweli, nikamtuma yule mtoto wa dada yangu akalete. Ilikuwa imekufa. Nilinunua nyingine elfu tisini, na dada yangu mpaka leo anadai nilimwaibisha mwanawe.

Kosa langu la pili nililifanya saa hiyo hiyo. Moyo ulinituma nimwambie mzee asilitoe mpaka nilipwe kodi. Nikalisema, nusu utani. Mwenyekiti akanikata jicho: "Mwalimu, mzee alipanga chumba kwako?" Hakupanga. Alikuwa ameumizwa na mtu yule yule aliyeniumiza mimi. Unachoweza kumwomba mwenye gari ni gharama za kulitunza, zenye risiti, na umwombe kwa lugha nzuri. Akikataa, nenda mahakamani, usifunge geti. Nilimwonyesha ile risiti ya fundi ya elfu arobaini, akailipa bila neno, kisha akaongeza mkungu wa ndizi wiki iliyofuata.

Kama hakuna anayekuja

Siku za notisi zikipita, kimya, rudi polisi na nakala zote uombe walichukue kama mali isiyo na mwenyewe. Mara nyingi watakuambia uwanja wao umejaa, na ukipita kituo chochote utaona magari yaliyoota majani, si uongo. Wakisema hivyo, omba waandike, kisha nenda mahakamani ukaombe amri ya nini kifanyike. Kama thamani ni ndogo anzia Mahakama ya Mwanzo. Kama shauri lina ugomvi wa nyumba yenyewe ndani yake, utaambiwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Uliza karani kabla ya kulipia kufungua shauri, umweleze kwa sentensi mbili. Wakili si lazima, ila mazungumzo ya saa moja na wakili ni rahisi kuliko kufungua shauri mara mbili.

Mahakama ikiamuru mnada, anayeuza ni dalali wa mahakama, si wewe wala shemeji yako mwenye kipaza sauti. Pesa zinazobaki baada ya gharama si zako pia, mpaka mahakama iseme. Mnunuzi aondoke na hati za mahakama, ndizo zitakazomsaidia TRA kuhamisha umiliki. Njia hii ni ndefu na gari linaendelea kuliwa na kutu. Upepo wa bahari yetu hauchagui. Lakini kutu ni hasara ya mwenye gari, kesi ingekuwa yako.

Kodi yako

Usiisamehe kwa sababu gari limeondoka. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6 kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, kwa hiyo una muda. Mahakama ya Mwanzo inaendeshwa kwa Kiswahili, unajieleza mwenyewe, unachohitaji ni mkataba, stakabadhi za miezi aliyolipa, na ujumbe wa simu anaokiri deni. Mie nilianza na mdhamini. Mdhamini alikuwa mjomba wake, muuza samaki, na aliposikia neno mahakama alitoa elfu hamsini siku ile ile, akaahidi zilizobaki atazibana kwa kijana.

Na mkataba niliubadilisha. Siku hizi mpangaji mwenye chombo chochote, hata pikipiki, ananipa nakala ya kadi, na jina likiwa si lake ananiandikia jina na simu ya mwenyewe. Chini kuna kifungu: "Chombo kitaegeshwa mahali palipoonyeshwa na mwenye nyumba. Mpangaji akihama atakiondoa siku hiyo hiyo. Kikibaki zaidi ya siku 14, mwenye nyumba atatoa taarifa Serikali ya Mtaa, polisi na kwa mwenye kadi, na gharama za kukisogeza na kukitunza zitalipwa na mpangaji." Kifungu hakinipi gari la mtu, nililiweka wazi hilo. Kinanipa haki ya kudai gharama zangu. Na pale juu ya karo nimepanda mlingoti wa zege.

Jambo moja watu hulisahau: vitu vya ndani ya gari. Mzee alipofungua buti tulikuta mwavuli, jeki, fulana ya Coastal Union, na viatu vyeusi vya shule vya mtoto, vipya, vingali na karatasi ndani. Jeki mzee alisema ni yake. Vingine havikuwa vyake wala vyangu. Tukaviorodhesha kwenye hati, nikavitia kwenye mfuko wa sandarusi, nikaandika tarehe juu, nikaweka stoo.

Wiki tatu baadaye ulikuja ujumbe kwa namba nisiyoijua: "Shikamoo mama. Samahani kwa yote. Vile viatu vya mtoto bado vipo?"

Nikamjibu: "Marahaba. Vipo. Njoo na mjomba wako."